Diski ya 9GB inasomeka 2.1GB kwenye Solaris

Mkuu, hiyo diski yako ya 9GB haijaharibika, usiitupe. Umesema uliikopi diski ya 2.1GB ya Sun (mashine zinazotumia mfumo endeshi wa Solaris) kwa dd (amri ya kukopi diski nzima kama ilivyo) kwenda kwenye hii ya 9GB, basi tatizo liko hapo hapo, dd inabeba kila kitu kuanzia sekta ya kwanza, na kwenye Sun sekta hiyo ndo yenye lebo, yaani vipimo vya diski ya zamani (idadi ya silinda, hedi na sekta zake), format (programu ya Solaris ya kupanga diski) ikiisoma inaiamini tu.

Kwanza bakapu kwa ufsdump (amri ya kuhifadhi nakala ya mafaili), na uhakikishe inafunguka, nasisitiza hili maana mipaka ya slaisi (vipande diski ilivyogawanywa) ikibadilika mafaili ya zamani hutayapata tena. Halafu washa na CD ya Solaris, boot cdrom -s, endesha format, chagua diski, andika type, chagua 0 ile ya Auto configure (SUN2.1G usiiguse), hapo inaiuliza diski yenyewe ukubwa wake, kisha label. Bila label hakuna kilichoandikwa.

Ingia partition, andika print, slaisi 2 ndo diski nzima, iache ianzie silinda 0 hadi ya mwisho. Zingine panga upya zisipandiane, label tena, newfs (inatengeneza mfumo wa mafaili), ufsrestore (inarudisha bakapu), na slaisi ya root (yenye Solaris yenyewe) uipige installboot (inaandika programu ya kuwashia) la sivyo mashine haitawaka kutoka kwenye diski hiyo.

Ukiona kama 8.43GB usishtuke, kiwandani wanahesabu GB kwa bilioni, format inagawa kwa 1024.