Utumbo wa perege unabanduka kwenye slaidi: ni ugonjwa?

SWALI: Nasimamia wanafunzi wa vitendo hapa Mbeya. Tulivua perege asubuhi kwenye bwawa moja la Tukuyu, tukawaleta kwenye barafu, na mchana tukaweka utumbo wao kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Kwenye hadubini, seli za ndani zimebanduka zinaelea katikati ya tundu, na kila slaidi ina mikwaruzo mirefu. Je, samaki hawa wanaumwa? Na kambare nao watakuwa hivyohivyo?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Kwa dalili hizo, hawaumwi. Utumbo umejimeng'enya wenyewe. Samaki akifa, vimeng'enya vyake vinaendelea na kazi, na seli za ndani ndizo zinazoanza kuliwa. Barafu inachelewesha tu. Tazama tena slaidi zako. Ugonjwa ungekuonyesha seli nyeupe za damu zimejazana chini ya palipobanduka, na mahali pengine utumbo ungekuwa mzima. Ukikuta viini vya seli vimepauka na kubanduka kumeenea kote, bila seli nyeupe kujikusanya, mlichelewa.

Formalini ndiyo iende bwawani. Kwa lita moja changanya formaldehidi ya dukani (asilimia 37 hadi 40) mililita 100, maji yaliyokenekwa mililita 900, sodiamu fosfeti monobesiki gramu 4 na daibesiki kavu gramu 6.5. Msiziache chumvi hizo: bila hizo formalini huwa na asidi na huacha vumbi la kahawia juu ya seli. Vaeni glavu, mfanye kazi penye hewa.

Mlevye samaki kwa mafuta ya karafuu majini mpaka matamvua yatulie kabisa, kata uti wa mgongo nyuma ya kichwa, kisha toa utumbo ndani ya dakika tano. Utumbo wa perege ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, umejiviringa, kwa hiyo kata vipande vya sentimita moja kutoka mbele, katikati na nyuma, kila kimoja na chupa yake yenye lebo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: formalini ikibaki nje tu, hupenya polepole huku ndani kunaoza. Ingiza formalini ndani ya tundu la utumbo kwa sindano ya mililita moja, taratibu, mpaka kipande kijae kidogo. Ukisukuma kwa nguvu, mikunjo ya ukuta wa ndani inalala, nanyi mtaipima kuwa mifupi kumbe sivyo. Formalini iwe mara 10 ya ujazo wa vipande, saa 24, kisha hamishia kwenye ethanoli ya asilimia 70.

Mikwaruzo ni mchanga. Perege hula mwani pamoja na tope, na chembe moja inatosha kutia pengo kwenye makali ya kisu cha mikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba vya slaidi. Kabla ya kuwalevya, wawekeni samaki kwenye beseni la maji safi bila chakula. Kwa baridi ya Tukuyu, ambako chakula hupita polepole, wapeni saa 48.

Kambare ana utumbo mfupi zaidi, lakini utaratibu ni uleule. Kwa wote wawili, msitafute vitundu vya tezi chini ya mikunjo kama vilivyo kwa mbuzi: samaki hawa hawanavyo. Tafuteni seli za ute, ambazo huongezeka kuelekea nyuma; PAS, rangi ya maabara inayoonyesha ute, huzifanya za zambarau nyekundu.