Laptopu nzito: niweke SSD au nipige Windows tena?

Swali: Laptopu yangu ni Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 na hadidiski ya GB 500. Kuwaka tu ni dakika tano, na faili la Excel likifunguka kila kitu huganda. Fundi ameshapiga Windows mara mbili mwaka huu. Kila mara inakuwa nyepesi wiki mbili tatu, kisha uzito unarudi. Sasa anataka kupiga tena, na anasema SSD ni kupoteza pesa kwa kuwa hufa upesi. Nifanyeje?

Jibu: Weka SSD, yaani diski ya chipu badala ya hadidiski inayozunguka. Na usikubali Windows ipigwe mara ya tatu kabla hali ya hiyo diski haijasomwa. Hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza, kwa sababu huko ndiko watu wanakopotezea picha za watoto na mahesabu ya miaka mitano.

Kwanza tuelewane kwa nini inakuwa nyepesi halafu inarudi kulekule. Windows ikiwa mpya ina programu chache zinazojiwasha zenyewe, haijarundika mabaki ya masasisho, na mafaili yake yamepangika pamoja. Wiki mbili baadaye vyote hivyo vimerudi, na diski inadaiwa kazi isiyoiweza. Hadidiski nyingi za laptopu huzunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi mahali pake, kisha kingoje sahani ikifikishie kipande kinachotakiwa. Ukijumlisha, kusoma kipande kimoja kidogo huchukua kama milisekunde 15 au zaidi, kwa hiyo kwa sekunde moja hupati hata vipande 100 vilivyotawanyika. Windows inapowaka huomba maelfu. SSD haina kinachozunguka wala kinachosogea, na ombi kama hilo hulijibu kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Hakuna Windows itakayopigwa ikaufanya mkono unaobeba kichwa hicho ukimbie kuliko ulivyotengenezwa.

Jithibitishie mwenyewe. Fungua Task Manager laptopu ikiwa imeganda, uangalie ukurasa wa Performance. Diski ikiwa imeshika asilimia 100 huku kasi ya kusoma ikiwa MB 1 au 2 kwa sekunde, mgonjwa umemwona. Ikiwa diski imetulia na RAM ndiyo imejaa, SSD peke yake haitakutosha. Kwako natarajia uyakute yote mawili: GB 4 zikijaa, Windows huhamishia mizigo kwenye diski, na diski hiyo ndiyo hiyo inayochechemea. Ongeza RAM ifike GB 8 siku hiyohiyo laptopu inapofunguliwa.

Sasa jambo linaloniudhi kila ninapoletewa swali hili. Uzito unaorudi haraka huenda ni diski inayokufa, na fundi anayefomati bila kuangalia anaufuta ushahidi. Fomati ya haraka haikagui sekta (vipande vidogo vya diski) hata moja. Inaandika orodha mpya ya mafaili, basi, na sekta mbovu zinabaki palepale zikingoja mafaili yako mapya. Ukaguzi wenyewe ni wa dakika mbili: weka CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, usome mistari ya 05, C5 na C6. 05 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa, C5 ni zile diski inazozitilia shaka, C6 ni zilizoshindikana kabisa. Soma safu ya mwisho, na kumbuka kwamba programu hiyo huandika kwa heksadesimali (kuhesabu kwa kumi na sita) isipobadilishwa: ukiona 10, maana yake ni 16. C7, inayohesabu makosa ya mawasiliano, ikiwa ndiyo inayopanda, tuhumu kebo au kontakta kabla ya diski.

C5 ikiwa zaidi ya sifuri, usianze na kukloni, yaani kunakili diski nzima kama ilivyo. Programu nyingi za kukloni hukwama kwenye sekta isiyosomeka, na kila saa diski inayozidi kusukumwa inapunguza utakachookoa. Nakili mafaili yako muhimu kwanza, kisha weka Windows safi kwenye SSD. Mistari hiyo ikiwa sifuri, kukloni kupitia kebo ya SATA (kiungio cha diski yako) kwenda USB ni sawa. Ondoa BitLocker (ufungaji wa diski kwa siri wa Windows) kabla, na uhakikishe data iliyotumika inaenea kwenye SSD mpya.

Kwa laptopu ya umri huo, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5. Usidanganyike na NVMe, SSD ya aina mpya yenye kasi zaidi. Mashine nyingi za kizazi cha nne haziwezi kuwaka kutoka humo, hata pale penye nafasi ya M.2 (tundu la SSD nyembamba). SSD ina unene wa mm 7, na kitanda cha diski kikiwa cha mm 9.5 utahitaji fremu ya kujazia, la sivyo itachezacheza na kontakta itaachia. Ukimaliza, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu likiwa 0, TRIM (Windows kuiarifu SSD nafasi zilizofutwa) imewashwa. Acha kama asilimia 15 ya nafasi wazi, na usiguse programu za kudifragi, yaani za kupanga upya mafaili kwenye diski.

Kuhusu kufa upesi: SSD nzuri ya GB 500 huahidiwa kuandikwa TB 180 au zaidi. Ukiandika GB 20 kila siku, ni TB 7.3 kwa mwaka. Piga hesabu, inapita miaka 20. Kinachoziua mapema ni kontrola (chipu inayoiendesha SSD) duni za bidhaa zisizo na jina, nazo hufa ghafla bila kelele ya kukuonya, kwa hiyo bakapu ni lazima. Kuna na za bandia kabisa: kasha limeandikwa TB kadhaa, ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochezewa idai ukubwa isiokuwa nao. Ikijaa, inaandika juu ya mafaili ya zamani huku ikikuonyesha kila kitu kipo. Jaza SSD yoyote yenye bei ya ajabu kwa H2testw, programu inayoandika data kisha kuisoma tena, kabla ya kuiamini.

Na fundi anayekuuzia SSD akuambie pia kwamba Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako haimo kwenye orodha ya Windows 11. SSD haibadilishi hilo, ila utaihamishia mashine nyingine yenye nafasi ya SATA.

Hadidiski ya zamani usiifute kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo, kama C5 ilikuwa sifuri, itie kwenye kasha la USB iwe ya bakapu. Kama haikuwa sifuri, usiweke humo kitu ambacho huna nakala yake kwingine.