Geuza Sahani Kwanza

Ukipewa sahani ya fedha ya mtindo wa Baroko, ule wa Ulaya wa karne ya 17 uliojaa mapambo, usikimbilie maua na vitoto vya malaika. Igeuze. Kila tunda lililotuna mbele ni shimo nyuma, na huko nyuma ndiko alama za nyundo zilikobaki.

Bamba hulazwa juu ya lami iliyopashwa moto, likasukumwa kutoka nyuma kwa ncha butu za chuma mpaka umbo litune, kisha likageuzwa na kuchorwa mbele. Hakuna kinachokatwa, fedha inahamishwa tu. Lakini ikigongwa sana hukakamaa, na usipoilainisha motoni hupasuka. Mimi nilipasua majani mawili ya mzabibu kwa uvivu wa kuwasha moto. Lainisha mahali penye kivuli, usubiri wekundu hafifu. Juani hutauona, na utaunguza kazi. Ukikata tamaa, kumbuka kuwa mwaka 1614 fundi Adam van Vianen wa Utrecht, Uholanzi, alifua birika zima, lenye mikunjo kama nyama laini, kutoka bamba moja.

Halafu tafuta mihuri, alama ndogo zilizogongwa kuonyesha mji na ubora wa fedha. Tunda la msonobari ni la Augsburg, Ujerumani. Kwenye chombo cha London, ukiona mwanamke aliyeketi, Britannia, ishara ya Uingereza, ujue ni fedha ya asilimia 95.84 badala ya 92.5. Kiwango hicho kililazimishwa kuanzia 1697 hadi 1720, maana sarafu zilikuwa zikiyeyushwa ziwe vyombo.

Hapo Kiswahili kinatusaidia: fedha ni madini, fedha ni pesa. Beseni na birika la kunawia mikono vilipangwa ukumbini wageni wahesabu utajiri wa mwenyeji, na siku ya dhiki vikaenda tanuruni. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliyeyusha samani zake za fedha za kasri la Versailles mwaka 1689 kugharimia vita. Ufundi wa miaka ukalipwa kwa uzito. Mimi bado inaniuma, ingawa sikuwepo.

Mwisho, kung'arisha. Mwaka wangu wa kwanza nilisugua kinara hadi ndani ya mikunjo, kikawaka kama bati jipya. Mkuu wangu akakitazama kimya, akaniuliza, "Vivuli vyake umevipeleka wapi?" Siku hizi natumia pamba, unga laini wa chaki na maji safi, kwenye sehemu zilizoinuka tu.