Tumbusi aliyekula sumu hanyweshwi maziwa

SWALI: Daktari, mimi ni askari wa wanyamapori wa jamii pembezoni mwa Maasai Mara. Tulikuta mzoga wa ng'ombe, tumbusi 11 wamekufa na 3 wanapumua. Tukawanywesha maziwa, mzoga tukaufukia. Wote 3 wakafa. Tulikosea wapi?

JIBU: Kwenye maziwa, ndugu yangu, na inauma kwa sababu karibu kila mtu hufanya hivyo kwa nia njema. Maziwa hayavunji sumu yoyote. Kabofurani, dawa ya kuua wadudu inayotumika sana kutega wanyama, huvuruga mawasiliano ya neva na misuli: makucha yanajikunja ngumi, shingo inalegea, mate yanachuruzika. Ndege wa hivyo hawezi kumeza. Tundu lake la pumzi liko palepale shinani mwa ulimi. Ukimmiminia kitu, kinaingia mapafuni. Mafuta na maji ya majivu ni vivyo hivyo, hata akisema mganga gani.

Vaa glavu. Mlaze kifudifudi, kichwa kikiwa juu kuliko mwili, asije akapaliwa na nyama itokayo goleni (mfuko wa chakula kooni mwake). Mfunike macho, mweke kivulini ndani ya boksi lenye matundu, na mwite daktari wa wanyamapori upesi. Yeye ndiye wa kutoa nyama goleni na kudunga dawa ya atropini.

Na mzoga haufukiwi. Fisi ataufukua usiku uleule, na kila tumbusi aliyekufa ana nyama yenye sumu goleni. Arifu Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) kwanza, piga picha, hesabu. Tazama kama nzi wamekufa juu ya nyama, au kuna chembechembe za zambarau. Sampuli za nyama ya goleni na ini ziwekwe kwenye barafu. Baada ya hapo choma vyote kwa kuni kavu mpaka majivu. Kagueni pia miti na maji ya karibu, kwa maana aliyekula kidogo huruka kabla ya kuanguka.

Sasa yule anayewaambia wafugaji kwamba sumu "itaua fisi tu". Anadanganya. Tumbusi huona mzoga kutoka angani na mara nyingi huufikia kwanza. Pungu na tai nao hushuka. Mwaka 2019 nchini Botswana mizoga 3 ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Wengine hudai kwamba tumbo linaloua kimeta litamudu na sumu. Asidi huua vijidudu. Haimkingi ndege na kabofurani. Wala mpaka wa hifadhi haumsaidii ndege anayeweza kuruka zaidi ya kilomita 100 kwa siku kutafuta chakula. Tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai 1 tu kwa msimu, kwa hiyo 14 wa kwenu hawatarudi upesi.

Badala ya kutega sumu, mfugaji aliyepoteza ndama aimarishe boma kwa waya, na jioni ahesabu mifugo yake, maana anayebaki nje ndiye huliwa. Mkikuta unga au chembe za sumu zinauzwa kwenye karatasi bila lebo, msizimwage wala kuzitupa chooni. Zifungeni kwenye mifuko miwili, mzikabidhi kwa mamlaka pamoja na jina la duka.