Usiiwashe kwanza, kaka

Umeuliza utajuaje umri wa hiyo mashine ya kufulia ya Hoover ya matangi mawili uliyookota Cardiff, Wales, na kama uichomeke umeme uone. Usiichomeke! Mpira unaofunika nyaya za zamani hukauka ukapukutika, na kapasita ya mota (kile kifaa kidogo kinachotunza umeme) inaweza kupasuka.

Umri: piga picha kile kibati chenye namba ya modeli na namba ya mashine, kabla hujagusa sabuni wala kitambaa, maana maandishi hufutika. Kisha tazama waya wa plagi. Nyekundu, nyeusi na kijani ni rangi za kabla ya 1970. Kahawia, buluu na kijani-njano zilikuja baadaye. Ila waya hubadilishwa, kwa hiyo usiapie ushahidi huo peke yake. Kiwanda cha Hoover cha Merthyr Tydfil, hapo hapo Wales, kilianza 1948 na kuacha kutengeneza mashine 2009, kwa hiyo wazee waliofanya kazi huko bado wapo. Nenda ukaongee nao, urekodi. Mimi nathamini mazungumzo hayo kuliko kuipaka mashine rangi mpya.

Ukikutana na Keymatic, mashine nyingine ya kufulia ya Hoover, ulizia kile kipande bapa cha plastiki kinachochomekwa kuchagua aina ya ufuaji. Ndicho hupotea, na bila hicho umebaki na sanduku tu.

Vikaushio vya nguo vya zamani: toa vumbi la nyuzi lote ndani. Linashika moto upesi mno.