Herufi zilizogeuka kwenye picha ya bati

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Baltimore, Marekani. Mwezi uliopita nilinunua boksi la vitu vya kale kwenye mnada wa nyumba ya marehemu, dola kumi na tano tu. Mna picha ndogo juu ya kipande cha bati: mwanamume kavaa kola pana yenye pete tatu za mnyororo zilizoshikana na herufi F, L, T, ila herufi zimekaa kinyumenyume. Mna picha ya kadi ngumu ya wanaume wenye panga na kofia za manyoya. Mna pia utepe wa hariri, mwekundu upande mmoja na mweusi upande wa pili. Wenzangu wanasema ni mambo ya Freemason, herufi za kinyume ni uchawi, nivichome moto. Ni vitu gani hivi, vya mwaka gani? Na utepe umejikunja, naweza kuupiga pasi?

JIBU: Marahaba. Kwanza iweke pasi chini, halafu tuzungumze.

Hizo herufi hazina uchawi wowote. Picha ya bati haipiti kwenye negativu. Mwanga ulipita kwenye lenzi ukachora moja kwa moja juu ya kipande kilekile ulichokishika, na lenzi hugeuza kulia kuwa kushoto kama kioo cha kujitazamia. Tazama koti la huyo bwana: utakuta vifungo vimehamia upande usio wake. Kama alivaa pete ya ndoa, nayo imehama mkono. Ukitaka kumwona kama alivyoonekana na jirani zake, piga picha kwa simu kisha igeuze, lakini nakala isiyogeuzwa uihifadhi pia. (Wamarekani waliziita picha hizi kwa jina la madini ya stani, ingawa kilichomo ni chuma chembamba kilichopakwa rangi nyeusi. Sisi tunaoita bati hata lile la kuezekea hatuna haki ya kuwacheka.)

Pete tatu na F.L.T. ni alama ya chama cha Odd Fellows, wala si Freemason. Herufi zinasimamia Urafiki, Upendo na Ukweli kwa Kiingereza. Umeishi mji wenyewe bila kujua: tawi la Marekani la Independent Order of Odd Fellows lilianzishwa hapo Baltimore na Thomas Wildey, tarehe 26 Aprili 1819. Ukikuta pia jicho, fuvu au moyo ndani ya kiganja, usishtuke. Jicho walilitumia Freemason na Odd Fellows vilevile, ndiyo maana watu wanavichanganya.

Na kazi yao? Waliagizwa kuwatembelea wagonjwa, kuwasaidia wenye dhiki, kuzika wafu na kuwasomesha yatima. Kwa lugha ya nyumbani, chama cha kufa na kuzikana, chenye siri kidogo na mavazi mengi. Enzi ambazo mfanyakazi akivunjika mguu hakuwa na bima wala pensheni, ada ya chama ilimhakikishia mkewe mkate na yeye mwenyewe jeneza. Ndiyo sababu mabaki yao yamejaa kwenye minada ya Marekani.

Hukuniambia kama mtu huyo ni mweusi au mweupe, na hilo lina uzito. Odd Fellows wa Wildey waliwakataa Wamarekani weusi. Baharia mweusi aitwaye Peter Ogden, aliyekuwa amejiunga na Odd Fellows wa Uingereza, akapata kibali kutoka hukohuko, na mwaka 1843 likaanza tawi la New York la Grand United Order of Odd Fellows. Nao walitumia kaulimbiu ileile ya urafiki, upendo na ukweli, hivyo pete tatu peke yake hazitoshi kuamua. Tafuta kwa kioo cha kukuzia herufi kamili: I.O.O.F. au G.U.O.O.F.

Kuhusu mwaka, picha ya bati ni shahidi mgumu. Hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ilitolewa Marekani mwaka 1856, lakini wapiga picha wa maonyesho na fukwe waliendelea nayo hadi karne ya 20. Ila kama imo ndani ya karatasi yake ya asili, igeuze: stempu ya kodi nyuma yake inakupa miaka miwili tu, kwa sababu serikali ilidai kodi hiyo kwenye picha kuanzia Septemba 1864 hadi Agosti 1866. Kadi ngumu ipime kwa rula. Ikiwa takriban sentimita 11 kwa 16.5, ni mtindo ulioingia Marekani miaka ya 1860 na kutawala hadi mwisho wa karne. Hao wenye panga hawakuwa wakienda vitani. Odd Fellows walikuwa na kikosi cha gwaride, Patriarchs Militant, tangu 1885, na Knights of Pythias, chama kilichoanza Washington mwaka 1864, nao walipenda panga na manyoya. Soma bizimu za mikanda yao: herufi F.C.B. ni za Pythias.

Sasa utepe. Ule upande mweusi haumaanishi kwamba mwenye nao alikufa. Utepe ni mmoja wenye nyuso mbili: siku ya gwaride na mikutano unavaa wekundu, siku ya mazishi ya mwenzenu unaugeuza, weusi unatazama mbele, mara nyingi na maneno ya Kilatini *In Memoriam*. Kila mwanachama alikuwa na wake.

Pasi itauua. Viwanda vya mwisho wa karne ya 19 viliizamisha hariri kwenye chumvi za madini ili iwe nzito na ing'ae, na chumvi hizo huila polepole. Nilipokuwa najifunza kazi hii niliukunjua utepe wa namna hiyo kwa vidole, taratibu kabisa, ukakatika kwenye kila mkunjo kama chapati iliyokauka. Huo wako ulaze bapa kwenye karatasi isiyo na asidi, mikunjo uiache ilivyo.

Picha ya bati usiifute kwa kitambaa chenye maji. Maji yakipenya kwenye mkwaruzo, chuma kinashika kutu na picha inabanduka. Kama imeshaanza kubanduka, iweke kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki, maana umeme tuli wa plastiki unavuta vipande. Boksi likae chumbani mnamolala watu, si chini ya nyumba kwenye unyevu wala darini kwenye joto. Unyevu wa asilimia 30 hadi 50 unafaa. Na usiuze kimoja kimoja. Boksi zima likiwa pamoja ndilo linaloweza kutuambia huyo bwana ni nani.

Kwenye utepe tafuta jina la mji na namba ya tawi, mara nyingi chini kabisa karibu na nyuzi za dhahabu. Niandikie hiyo namba.