Simu ya Spika Ndani ya Gari

Suala: Kila asubuhi napanda gari ya Bububu kwenda Darajani. Mzee mmoja huweka simu yake spika tangu anapopanda mpaka anashuka, na gari nzima sasa inajua madeni ya mwanawe. Mimi kijana. Nimwambieje bila ya kumvunjia heshima?
Msomaji, Bububu

Jibu: Usianze kumhesabu kuwa hana adabu. Mara nyingi mtu mzima huweka spika kwa sababu sikioni hasikii. Kitufe cha ubavuni ukikibonyeza simu ikiwa imetulia hupandisha muziki au mlio tu. Sauti ya mazungumzo hupanda ukikibonyeza huku unaongea, na wengi hawalijui hilo. Pia kile kitundu cha juu kinachokaa sikioni hujaa vumbi na jasho. Kisafishwe kwa mswaki laini, mkavu, simu ikiwa imezimwa. Pini msitie, inatoboa kiwambo cha ndani.

Na kupaza sauti? Maiki iko chini, karibu na pa kuchajia, tundu dogo kama ncha ya sindano. Kidole kikiliziba, au kava lisipolingana nalo, wa upande wa pili husema "sikusikii", naye mzee huzidisha. Tena ngurumo ya injini peke yake humfanya mtu apaze sauti bila ya kujijua. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hili mwaka 1911.

Kwa hiyo, kaa naye ubavuni, ungoje akate simu. Usimwambie kwa mbali watu wakasikia, wala usimtume utingo. Sema kwa sauti ya chini: "Shikamoo mzee wangu. Niwie radhi, naona simu haikusikilizishi vizuri. Nikuoneshe pa kupandishia sauti?" Hapo umemsitiri yeye, na umemsitiri mwanawe pia, ambaye hajui kuwa aibu yake imeanikwa mbele ya abiria. Hilo ndilo zito kuliko kelele zenyewe.

Suala: Mbona wawili wakizungumza karibu yangu ndani ya boti napata usingizi, lakini mmoja akiwa na simu silali?
Msomaji, Wete

Jibu: Kwa sababu unasikia nusu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionesha mwaka 2010 kuwa mazungumzo ya upande mmoja huvuruga umakini zaidi ya yale yanayosikika yote. Akili haiwezi kubashiri neno linalofuata, basi hubaki imetega. Kwa hiyo hata anayenong'ona hukusumbua. Ikiwa mwenye simu ni wewe, mwambie mwenzio utampigia ukishuka. Ikiwa haingojeki, toka nje, upe upepo mgongo na uikingie maiki kiganja bila ya kuiziba, maana upepo ukiingia humo utaishia kupiga kelele vilevile.